Unga tunaupima kwa gramu, waliokufa hatuwahesabu



Mwezi uliopita simu zetu huku ughaibuni zililia kama zinavyolia kila panapotokea msiba nyumbani. Kijana wa miaka 27, mtoto wa jirani yetu wa zamani, amefariki ghafla Unguja. Michango ikaanza kukusanywa usiku ule ule, kutoka London, Muscat, Dubai na Toronto, na kabla ya alasiri ya siku ya pili marehemu alikuwa ameshazikwa. Tulipouliza kafa na nini, tukajibiwa: presha. Hatukuuliza zaidi. Na nani angeuliza? Lakini kila mmoja wetu katika kundi lile la michango alijua kwamba kijana yule alikuwa akitumia unga tangu amalize skuli, na kwamba alikuwa ametoka Chuo cha Mafunzo wiki mbili tu kabla. Alikutwa amekaa nyuma ya kibanda cha chipsi, kichwa kimeinama kifuani. Presha gani hiyo?

Tunaandika makala hii kwa sababu tumechoka na hiyo presha. Familia ina haki ya kuficha aibu yake, hatuigombi. Ila inapokuwa kila nyumba inaficha, na daktari anaandika anachoambiwa, na sheikh anazika anacholetewa, mwisho wake ni kwamba serikali inaweza kusimama na kusema tatizo hilo halipo.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mwaka 2004 tulikuwa waandishi wachanga hapo Unguja, tumetoka chuo kikuu karibuni, tunazunguka na vespa ya kuazima tukitafuta habari. Asubuhi moja tukaitwa Ng'ambo, maiti ya kijana imekutwa katika jengo bovu. Wenzake watatu waliokuwa naye usiku ule tuliwapata baadaye, wakatueleza kwa kunong'ona. Walisema walivuta na kujidunga pamoja, mwenzao akaanza kukoroma mnamo saa tano usiku, wakadhani kalala. Alikoroma kwa muda mrefu. Alipoacha kukoroma wakamtikisa, wakammwagia maji, mmoja akataka kumdunga maji ya chumvi kama walivyofundishana. Kisha wakakimbia, kwani walijua polisi wakija watachukuliwa wao. Nyumba ya mama yake ilikuwa hatua hamsini kutoka pale.

Habari tuliyoandika ilikuwa na mistari minne. Kichwa chake kilisema teja akutwa amekufa. Mhariri hakubadilisha hata nukta. Siku ya tatu mama wa marehemu akatufuata, buibui lake limejaa vumbi, akatuuliza: "Mwanangu alikuwa na jina alilopewa na baba yake. Nyinyi mmempa jina gani?" Tulimwambia pole, Bi Mkubwa, tukainama. Tulikuwa na shahada ya chuo kikuu na hatukuwa na neno la kumjibu.

Kitu ambacho hatukukijua siku ile, wala wale vijana watatu hawakukijua, ni kwamba mkoromo ule haukuwa usingizi. Heroini na ndugu zake wote wa jamii ya afyuni huenda kwenye ile sehemu ya ubongo inayoukumbusha mwili kuvuta pumzi. Kipimo kikizidi, ubongo unasahau. Mtu anavuta pumzi moja, anakaa, anavuta nyingine kwa shida, ulimi umelegea kooni, na hapo ndipo unaposikia ule mkoromo wa ajabu kama wa mtu anayesukutua maji. Midomo na kucha zinageuka rangi, kwa ngozi zetu nyeusi zinakuwa kama zina majivu. Mboni za macho zinasinyaa mpaka kuwa kama ncha ya sindano. Mara nyingi kifo hakiji kwa dakika moja. Kinaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na katika muda wote huo mtu anaokoleka.

Dawa ya kumwokoa ipo, inaitwa naloksoni. Siyo dawa mpya. Marekani iliidhinisha itumike tangu mwaka 1971. Inakwenda ubongoni, inaisukuma heroini kutoka pale ilipokalia, na ndani ya dakika mbili mpaka tano mtu anaanza kuvuta pumzi. Hailevyi. Ukimpa mtu ambaye hakutumia afyuni, haimfanyi kitu. Iko ya sindano, ambayo ni rahisi kwa bei, na iko ya kupuliza puani ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa kuitumia. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo ulio wazi kabisa: watu wanaoweza kushuhudia mwenzao akizidiwa wapewe dawa hii wao wenyewe, wasisubiri daktari. Maana yake ni mtumiaji mwenziwe, mama, mke, kaka, mlinzi wa usiku, dereva wa bodaboda.

Sisi tulipolazimika kuondoka nyumbani (hadithi hiyo leo haituhusu) tulipelekwa kuishi Glasgow, kama wanavyopelekwa waomba hifadhi wengi huku Uingereza. Tulidhani tumeukimbia unga, kumbe tumeufuata. Scotland, nchi ya watu wasiozidi milioni tano na nusu, ilizika watu 1,339 waliokufa kwa dawa za kulevya katika mwaka 2020 peke yake. Kwa uwiano wa idadi ya watu, hakuna nchi ya Ulaya Magharibi iliyoifikia. Kwa hiyo asije mtu akatuambia tunawasifu Wazungu kwamba wamemaliza tatizo. Hawajamaliza. Mwaka 2023 walikufa 1,172, mwaka 2024 walikufa 1,017.

Lakini tazama, tumeweza kukutajia idadi hiyo mpaka mtu mmoja mmoja. Kila mwaka ofisi yao ya takwimu inatoa ripoti, waziri anaitwa bungeni, magazeti yanamshambulia, mama za marehemu wanasimama nje na picha za watoto wao. Aibu hiyo ya kuhesabiwa ndiyo inayowasukuma. Tangu mwaka 2011 wana mpango wa nchi nzima wa kugawa naloksoni. Kuanzia 2022 polisi wao wa doria walianza kupewa ile ya kupuliza, wanaivaa kiunoni pamoja na pingu. Sisi wenyewe, wakimbizi tusio na cheo, tuliagiza boksi letu kwenye intaneti, tukajifunza kwa muda usiofika saa moja, likaletwa kwa posta bila malipo. Liko jikoni kwetu, juu ya kabati la chai. Hatujawahi kulitumia na tunaomba Mungu tusilitumie, lakini lipo.

Marekani nako, ambako dawa za kulevya, fentanili ikiwa mbele, ziliwahi kuua watu zaidi ya laki moja kwa mwaka, waliamua Machi 2023 kwamba Narcan iuzwe dukani bila cheti cha daktari. Mwaka 2024 vifo vilishuka kutoka karibu 105,000 vya mwaka uliotangulia mpaka karibu 80,000. Wataalamu wanabishana sababu ni ipi hasa, na sisi hatudai kuwa ni naloksoni peke yake. Hata hivyo hatujamsikia mtaalamu hata mmoja akishauri irudishwe kabatini.

Sasa turudi pwani yetu. Miaka yote tuliyofanya kazi ya habari, tulialikwa mara nyingi kushuhudia unga ukichomwa. Tulipewa karatasi zenye hesabu safi: kilo ngapi, gramu ngapi, kete ngapi, washitakiwa wangapi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Agosti mwaka ule ule Kenya ikailipua kwa mabomu meli ya Al Noor pamoja na heroini iliyokuwamo, Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Mwaka 2019 mmoja wa ndugu wa Akasha wa Mombasa akahukumiwa miaka 25 huko New York. Hatuna ugomvi na hayo, mwenye kuleta sumu akamatwe. Lakini katika miaka yetu yote ya kazi hatukuwahi hata mara moja kualikwa kusikiliza waziri akisoma idadi ya watu waliokufa kwa kuzidiwa. Si Unguja wala Dar es Salaam wala Mombasa. Unga unapimwa mpaka gramu ya mwisho, na anayekufa kwa unga huo anaandikiwa presha.

Na kuna jambo ambalo wakubwa wetu hawapendi kuambiwa. Kukamata unga bila kuwa na dawa ya kuokoa kunaweza kuua. Kenya walishaliona hili. Mwishoni mwa 2010 mpaka mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika ghafla pwani ya Kenya. Maelfu wakaingia arosto kwa siku moja, miili inatetemeka, wanatapika, hakuna kliniki ya kuwapokea. Watafiti waliowahoji baadaye waliandika kwamba wengi walianza kuchanganya chochote walichokipata, vidonge vya usingizi, pombe, unga uliochanganywa na visivyojulikana, na baadhi yao wakazidiwa. Vidonge vya usingizi na heroini pamoja ni njia fupi ya kaburini.

Tunalikumbusha hilo kwa sababu wakati kama ule unaweza kurudi, na safari hii ukiwa mbaya zaidi. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Afghanistan, ambako ndiko unga wa pwani yetu unakotoka kupitia Iran na Pakistan kwa majahazi. Umoja wa Mataifa ulisema mavuno ya 2023 yalishuka kwa asilimia 95. Mfanyabiashara wa unga haachi biashara kwa kukosa mali, anatafuta mali nyingine. Ulaya tayari imeingia nitazini, dawa zinazotengenezwa maabara, nyingine zikiwa na nguvu kupita fentanili, kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Huku Scotland zimo. Na kwa wale wanaosema hayo ni ya Ulaya, waitazame Sierra Leone. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya dawa iitwayo kush, na mwaka 2025 uchunguzi wa maabara ukaonyesha kwamba ndani ya sehemu ya kush hiyo mna nitazini. Hiyo ni Afrika, na ina bandari kama zetu.

Tuwe waadilifu, siyo kwamba nyumbani hakuna kilichofanyika. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi ambayo inamtoa mtu kwenye arosto na sindano. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 kwa kuanzia Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Unguja huduma ikafika Kidongo Chekundu. Mauritius waliitangulia pwani yote, wao walianza 2006. Na Zanzibar ina nyumba za upataji nafuu ambazo zimewatoa vijana wengi, wengine tunawafahamu kwa majina, wameoa, wana maduka, wanaswalisha. Wanaoziendesha nyumba hizo, wengi wao waliokuwa watumiaji, wamefanya kazi ambayo sisi waandishi hatukuitendea haki hata kidogo.

Ila methadoni hiyo ilikuwa imesimama kwa sehemu kubwa juu ya fedha za Marekani. Januari 2025 serikali mpya ya Washington iliposimamisha misaada ya nje, kila anayejua kazi hii alishika kichwa. Mgonjwa wa methadoni akikosa dozi siku tatu, nne, hatulii nyumbani kusubiri mfadhili. Anarudi maskani. Na mwili uliokaa mbali na unga haubebi tena kipimo kile cha zamani.

Hapo ndipo penye siri ya vifo vingi. Anayekufa mara nyingi si yule teja mzoefu unayemwona kila siku. Ni yule aliyeacha kidogo akarudi. Aliyetoka Chuo cha Mafunzo juzi, kama yule kijana wetu wa mwezi uliopita. Aliyekaa nyumba ya nafuu miezi minne, akagombana, akaondoka usiku. Aliyefunga Ramadhani nzima bila kugusa kitu, wazazi wakafurahi wakamshonea kanzu, Idi pili akakutana na wenziwe na kipimo kile kile cha Shaabani. Mtu wa namna hii anajulikana siku, saa na mlango anaotokea. Ukitaka kujua naloksoni igawiwe wapi kwanza, simama kwenye lango la gereza.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza, kwamba kuwapa mateja dawa ya kuwaamsha ni kuwaambia endeleeni. Anayesema hivyo hajawahi kumwona mtu akiamshwa kwa naloksoni. Huamka na arosto kamili, mifupa inamuuma, anatapika, amekasirika kwamba umeuharibu unga wake. Si starehe ambayo mtu ataitafuta. La pili ni gumu zaidi na tunaliheshimu: hospitali zetu hazina dawa za kutosha za sukari na presha (ile presha ya kweli), wajawazito wanaambiwa waje na glavu zao, sasa fedha ziende kwa watu waliotuibia? Ni kweli wametuibia. Sisi wenyewe tulipoteza redio ya marehemu baba kwa mtu wa damu yetu. Lakini naloksoni ya sindano haina tena mwenye hakimiliki, viwanda vingi vinaitengeneza, na idadi inayohitajika kwa Unguja na Pemba ingejaa kwenye mashubaka machache ya bohari moja. Wala hatusemi ichukue nafasi ya insulini. Tunasema mwizi wa redio naye ana mama.

Zaidi ya fedha kuna ufunguo. Nyumbani tuliiacha dawa hii ni sindano ya hospitali, inakaa na daktari, na daktari yuko hospitali, na mtu anakufa nyuma ya kibanda cha chipsi. Panahitajika waraka wa wizara unaowaruhusu watoa huduma wa mitaani, nyumba za nafuu na familia kupewa na kuitumia. Panahitajika pia neno la polisi, tena la maandishi, kwamba anayepiga simu kuomba msaada kwa mwenziwe hatakamatwa kwa kete aliyokutwa nayo. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya namna hiyo. Bila ya hilo wale vijana watatu wa Ng'ambo watakimbia tena, na hatuwezi kuwalaumu. Na kwa kuwa bahari ni moja na majahazi ni yale yale, hatuoni kwa nini Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kila mmoja asubiri kuona kwa macho yake. Maabara moja ikigundua nitazini katika kete moja ya Mombasa, Unguja wapate habari siku ile ile, wasisome katika ripoti baada ya miaka miwili.

Kwa msomaji aliye nyumbani na ambaye hana hiyo dawa: ukimkuta mtu anakoroma mkoromo ule na haamki ukimsugua kwa nguvu mfupa wa kifua, usimwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimdunge chumvi. Mwite mtu, ita gari. Mlaze chali, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, usichoke. Akianza kupumua mwenyewe mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi. Usimwache peke yake. Hata kama kuna naloksoni na ameamka, kaa naye kwa saa mbili au zaidi, maana dawa ile inaweza kwisha nguvu kabla ya unga, akazama tena. Pumzi zako peke yake zinaweza kumfikisha hospitali.

Kwa ndugu zetu wa ughaibuni, wapo waliotuuliza kama wanaweza kubeba maboksi machache begini wakienda likizo. Ushauri wetu ni hapana, msiingize dawa kinyemela mkaja kukwama uwanja wa ndege, na zikiharibika kwa joto au zikapitwa na tarehe mtakuwa mmewapa watu matumaini matupu. Zile fedha tunazochanga kwa haraka kila panapotokea msiba, sehemu yake ipelekwe kwa nyumba za upataji nafuu zinazofahamika, na sauti zetu zipelekwe kwa wawakilishi wa majimbo yetu. Bajeti ya afya husomwa katikati ya mwaka. Waulizwe mapema, kwa barua, na majibu yao tutayachapisha hapa hapa: naloksoni ngapi zimeagizwa, ziko hospitali gani, nani ameshika ufunguo wa kabati, na katika mwaka uliopita ni watu wangapi wa Mjini Magharibi walioandikwa kwamba wamekufa kwa kuzidiwa na unga. Kama jibu la swali la mwisho ni sifuri, tunayo majina.